Rafu ya Juu ya Tanuri

3 Februari

Mwanangu mkubwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi ulichosema kinatokana na mvuke wa kazini kimekuacha. Sisi huku tunaendelea. Mgongo wangu ni ule ule uliouacha, haujaongeza wala kupunguza. Mdogo wako anakusalimu sana na amesema nisiandike kwamba amekonda, kwa hiyo sijaandika.

Naandika kwa sababu simu yangu huyu mdogo wako Chumvi anaisoma kuliko mimi, na kuna mambo nataka tuzungumze wewe na mimi tu.

Kifurushi kimefika salama, chupa zote zimefungwa kama zilivyotoka kwa mfamasia wako. Kilikuja wakati mwafaka. Kliniki ilikuwa ikitupa vidonge vya kutosha wiki moja, mdogo wako akatembea navyo mfukoni, na sasa hata hivyo haina tena. Ulivyotuma ni vya miezi, kwa hiyo nilivitafutia mahali. Nimeviweka kwenye ile rafu ya ukutani juu ya tanuri, pamoja na hamira. Unajua nyumba hii ilivyo, kila ukuta unatoa jasho isipokuwa ule. Tangu nianze kazi ya kuoka, kitu nisichotaka kishikwe na unyevu nakiweka pale. Usiwe na wasiwasi navyo.

Kliniki imeletewa daktari mpya, kijana mwenye bidii. Alitueleza ugonjwa upya kana kwamba tumeupata jana. Kwamba kongosho lake linatengeneza maji ya kusagia chakula, lakini ute mzito umeziba mirija na maji hayo hayafiki kwenye utumbo. Bila vidonge, mafuta na nyama vinapita tu kama abiria aliyesinzia, havishuki popote. Chumvi alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Daktari, umesema vizuri kuliko yule aliyepita. Yeye alikuwa anachora."

Kisha daktari akamuuliza kwa nini anaitwa Chumvi. Nikajibu mimi. Nikamwambia marehemu mama yenu alimbusu shavuni siku aliyozaliwa, akasema mtoto huyu ana ladha ya chumvi, nasi tukacheka. Tumbo lilikuwa bado halijavimba. Daktari hakucheka. Aliniuliza kuhusu lile kovu la upasuaji wa utotoni, akalibonyeza pembeni kwa vidole viwili, muda mrefu.

Kula vizuri na ufunge kifua ukitoka kwenye joto.

Baba yako

27 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma wakati wa mapumziko, nimekaa juu ya gunia la shuka safi. Kikohozi kimepungua. Mgongo wako usiuachie kazi ya magunia ya unga, mpe yule kijana wa mkokoteni, ndiyo kazi yake.

Umeniuliza kwenye simu kazi ikoje nikakujibu "nzuri" kwa sababu Chumvi alikuwa anasikiliza. Ni nzuri kweli, ila ni chini ya ardhi. Shuka za hospitali nzima zinashuka kwa bomba kutoka ghorofani, zinaanguka kwenye matoroli. Mifuko myeupe tunaifungua, myekundu, ya shuka zenye maambukizi, inaingia kwenye mashine ikiwa imefungwa. Mwenzangu wa mashine ya kunyoosha anasema sisi tunawajua wagonjwa kuliko madaktari, kwa sababu madaktari wanawaona wakiwa wamefunikwa.

Mfamasia wa jengo letu ni mama mtu mzima, miwani inaning'inia shingoni kwa kamba. Ndiye anayenisaidia kupata vidonge. Bila kazi hii nisingemfikia, kwa hiyo hata bomba la shuka nalipenda.

Sasa mwambie mdogo wangu hivi. Vidonge anameza anapoanza kula, si anapomaliza. Akila taratibu avigawe, vingine katikati ya chakula. Zile punje za ndani asizitafune. Na asiviruke kwa sababu kuna watu wanamtazama. Najua tabia yake, mbele ya wageni anajifanya hana njaa. Mafuta asiyaogope, siagi asiiogope, mradi kidonge kimetangulia. Na wakati wa joto anywe maji na aongeze chumvi kwenye chakula, jasho lake linaimaliza mwilini.

Akinenepa mpige picha kabla hajabadili mawazo.

Mwanao

11 Mei

Mwanangu,

Habari za huko? Mimi mzima. Jirani yetu fundi viatu anakusalimu na anauliza kama huko wanavaa viatu vinavyochakaa.

Mambo ya choo si ya kumwandikia binti, lakini wewe unafua shuka za hospitali, utanivumilia. Tangu mwezi wa tatu choo cha mdogo wako kimerudi kuwa cha mafuta. Kinaelea, kinang'aa, na maji hayakiondoi. Akishakula tumbo linajaa upepo na linamkata chini upande wa kulia. Siku nyingine hapati choo kabisa, na hapo ndipo anaponitisha zaidi, kwa sababu ananyamaza. Gauni la dukani amelipunguza kiunoni mara ya pili.

Daktari alidhani anaruka vidonge. Akamuuliza mbele yangu, kwa upole, lakini alimuuliza. Chumvi akageuka kunitazama. Nikasema mimi namwona akimeza kila anapokula, hata andazi haligusi bila kidonge. Daktari akaongeza vidonge. Tulirudi baada ya wiki chache, mizani ikawa imeshuka. Akaongeza tena. Sasa anameza vingi mno, na ni kama anameza maharage.

Wiki iliyopita fundi viatu alikuja kununua mkate akamwambia, "Binti wa mwokaji, mwembamba namna hii. Hii mikate yenu ina kasoro gani?"

Akamjibu, "Mikate haina kasoro, mzee. Kasoro iko kwenye bomba."

Watu wote dukani walicheka. Baadaye nilimkuta ameinama nyuma ya kaunta, amelaza paji la uso kwenye mbao.

Nimelifikiri jambo hili kwa utaratibu. Mgonjwa ni yule yule, chakula ni kile kile, kipimo kimepanda. Kilichobadilika ni kwamba zamani vidonge vilitoka kliniki na sasa vinatoka kwako. Nisamehe kuuliza, lakini huyo mama wa miwani unamwamini kiasi gani? Dunia hii watu wanauza unga ndani ya maganda ya dawa.

Baba yako

2 Juni

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, namshukuru Mungu.

Uliponiuliza kuhusu mfamasia nilikasirika, kisha nikaogopa. Nilimpelekea barua yako, nikamfasiria mwenyewe. Hakukasirika. Aliniuliza maswali yake, akanionyesha vitabu vya mzigo na muhuri wa watengenezaji. Vidonge si bandia, Baba. Hilo tuliweke pembeni.

Ila kuna taarifa. Watengenezaji wamebadilisha maelezo ya kuhifadhi. Kuanzia sasa viwekwe mahali pa baridi, mbali na moto na jua. Pale kwenye pembe ya mitungi ya maji patafaa, au muombe mwenye duka la soda awawekee kwenye rafu ya chini ya friji lake. Vile mlivyo navyo vitupeni vyote, hata chupa ambazo hazijafunguliwa. Ni mzigo wa zamani tu. Nimetuma vingine kwa njia ya haraka, vitatangulia barua hii au vitafuatana nayo.

Daktari amwambie kipimo upya, kile cha mwanzo. Asimeze vipya kwa wingi ule.

Mengine ni ya kawaida. Mashine moja imeharibika, tunakunja kwa mikono, tumekuwa kama watu wa zamani. Nimekumbuka sana harufu ya mkate wako wa alfajiri. Huku mkate hauna harufu.

Mwanao

20 Juni

Mwanangu,

Salamu nyingi. Nimepokea vidonge na barua. Mimi ni mzima wa mwili.

Nilipoisoma barua yako nilichukua chupa moja na kioo cha kukuzia. Maandishi ni ya lugha nisiyoijua, lakini namba ya joto na ile alama yake ndogo ya duara hazihitaji lugha. Nikachukua kile kipimajoto cha unga, nikakilaza kwenye rafu tanuri likiwa linafanya kazi, nikaenda dukani. Niliporudi nikakisoma. Sitakuandikia kilichosomeka. Chupa iliandikwa hivyo tangu ilipotoka kiwandani, hakuna aliyebadilisha maelezo yoyote.

Hamira yangu kavu imevumilia pale miaka yote, nikadhani kila kikavu kinavumilia. Kumbe nilikuwa namwokea mtoto dawa zake.

Nilimwita nikamweleza. Nilikaa kwenye kiti nikamweleza yote, kuanzia kifurushi cha kwanza. Alinisikiliza kama alivyomsikiliza yule daktari. Kisha akasema, "Kwa hiyo miezi yote hii nakula vidonge vya kuoka."

Nikakizungusha kile kipimajoto mikononi.

"Vilikuwa vimeiva vizuri lakini, Baba. Sikuona hata kimoja kilichoungua."

Akaenda kuchota maji ya kunyunyizia unga. Nilibaki kwenye kiti. Fundi viatu alipiga hodi akitaka mkate, akapiga, akaenda zake.

Daktari nimemweleza pia. Hakunilaumu, na afadhali angenilaumu. Alisema miezi ile mafuta yasiyosagwa yamekuwa yakikaa na kukauka pale utumbo mdogo unapokutana na mpana, mahali ambapo kwa watu kama yeye hata siku njema pana shida. Anatumaini tumbo litafunguka lenyewe kwa dawa mpya na maji mengi. Neno alilotumia ni hilo, anatumaini.

Vidonge vipya viko kwa mwenye duka la soda. Kila asubuhi nakwenda kuchukua vya siku.

Jambo moja nakuomba. Usinifiche tena. Umri wangu unabeba habari mbaya. Kufichwa ndiko nisikokuweza.

Baba yako

4 Agosti

Baba mpendwa,

Shikamoo, na nisamehe. Sitakuficha tena.

Uliponipigia Jumapili ukampa Chumvi simu, aliniambia kwa sauti ya duka zima, "Dada, sasa kinazama." Mwenzangu wa mashine aliniuliza ni nini kinazama nyumbani kwetu mpaka nacheka hivyo. Nikamwambia ni habari njema, aache tu.

Amesema ameongeza uzito na tumbo linamkata mara chache. Nimefurahi mpaka nimeshindwa kukunja shuka sawasawa. Najua joto linakuja. Tafadhali asikae karibu na tanuri. Duka linatosha.

Mkataba wangu unaisha mwishoni mwa mwaka. Nikiumaliza wanatoa likizo na nafasi yangu inabaki. Nitakuja Desemba na chupa nyingi, na nitazibeba mkononi mwenyewe.

Mwanao

6 Oktoba

Mwanangu,

Salamu. Uliposikia simu imezimwa wiki nzima ulifikiri vibaya, na ulifikiri sawa. Nimesubiri niwe na jambo kamili la kukuambia.

Joto lilikuja mapema. Kijana wa mkokoteni alipougua nilibaki peke yangu, na Chumvi akaanza kuingia jikoni kunisaidia kutoa mikate. Nilimkatalia, akaingia. Nikamkatalia tena, akasema, "Baba, mkate ukiungua nitakula nini?" Nikamwacha. Alikuwa amepata nguvu, nami nilipenda kumwona na nguvu. Alitoka jasho sana siku zile na hakunywa maji ya kutosha.

Ijumaa tumbo lilivimba likawa gumu kama ubao. Alitapika chakula, halafu akatapika kijani. Choo hakuna, upepo hakuna. Hospitali walimwekea dripu, wakampitisha mpira puani, wakamwosha utumbo kwa dawa kutoka juu na kutoka chini. Daktari wetu alikaa naye hata zamu yake ilipokwisha. Hawakutaka kumpasua na aliniambia sababu: kila ukipasua tumbo unaacha kovu, na kovu ndilo linalokamata utumbo. Picha ilionyesha donge pale pale alipopabonyeza siku ya kwanza, na utumbo umejikunja juu ya kovu la utotoni. Haukufunguka. Wakampasua.

Wamekata kipande kirefu. Sehemu ilikuwa nyeusi. Mdomo wa utumbo umetolewa nje, tumboni, na umefungiwa mfuko. Daktari wa upasuaji ni mtu wa maneno machache. Alinichora kwenye bahasha. Nikamuuliza kilichobaki kinatosha kumlisha? Akasema, "Kwa mtu mwenye kongosho zima, labda." Kisha akasema na ini ameliona, limekuwa gumu na lina vinundu, na ugonjwa huo huo ndio uliolifanya hivyo, polepole, sisi tukiangalia tumbo.

Chumvi alipozinduka aliutazama ule mfuko akasema, "Sasa bomba liko nje. Fundi ataliona vizuri." Muuguzi alicheka, nami nikacheka. Kisha Chumvi mwenyewe akaniomba nitoke kidogo.

Tanuri nimelizima. Wateja wanajua.

Baba yako

15 Oktoba

Baba,

Shikamoo. Barua imefika leo na leo hii nakujibu.

Nakuja. Nimezungumza na msimamizi. Amesema nikiondoka kabla ya mkataba kuisha nafasi yangu itachukuliwa na mwingine, na kurudi itakuwa kuanza upya, kama itawezekana. Nimemwambia nitafikiri, lakini nimeshafikiri.

Hukuandika anakula nini. Hukuandika anaketi au analala tu. Hukuandika wewe unalala wapi. Najua benchi za hospitali, shuka zake zinapita mikononi mwangu. Huwezi peke yako na mgongo ule.

Mama mfamasia anasema yupo mtu anayemfahamu kwenye hospitali kubwa zaidi, na kuna vyakula vya maji vya kupitisha kwenye mshipa. Sikumwelewa yote. Nilimwona anavua miwani na kuivaa, kuvua na kuivaa.

Niambie neno moja tu nikate tiketi.

Mwanao

25 Oktoba

Mwanangu,

Salamu. Usikate tiketi.

Nisikilize kwa utulivu. Ukija utaleta mikono miwili, na mikono hapa ipo. Mke wa fundi viatu anamwogesha, na nimejifunza kubadilisha mfuko bila kumwaga. Kisichopatikana hapa ni vidonge, na vinatoka mahali ulipo wewe tu. Siku utakapoondoka pale mlango huo unafungwa. Atameza nini mwezi wa pili? Atameza nini mwakani? Lazima mmoja wetu afikirie mwakani.

Umeuliza anakula nini. Anakula uji mwepesi, vijiko, na vidonge vyake mwanzoni na katikati, hajaruka. Uji unatoka kwenye mfuko karibu kama ulivyoingia. Daktari ameongeza kipimo, nami naona anaongeza ili aniongezee kitu mimi. Miguu imevimba, mikono imekwisha. Macho yamepata rangi ya manjano. Anaketi nikimwegemeza. Ananuka dawa tu, sasa hata ile ladha yake ya chumvi nikimbusu siipati, kwa sababu hatoi jasho.

Mimi nalala kwenye benchi, ndiyo. Si mbaya.

Jana aliniambia, "Baba, dada asije kwa ajili yangu akapoteza kazi." Baada ya muda akasema, "Lakini yuko mbali sana." Nimekuandikia yote mawili kwa sababu tulikubaliana kutofichana.

Tuma vile vya mwezi ujao mapema. Desemba si mbali.

Baba yako

Ujumbe wa simu, 9 Novemba

Mwanangu. Salamu zitasubiri. Leo asubuhi daktari ametoa dripu na mpira, akasema tumrudishe nyumbani na ale chochote anachotaka. Chumvi ametaka mkate wa moto na siagi. Nimewasha tanuri. Nilimuuliza daktari, kwa mkate wa siagi ameze vidonge vingapi? Akanishika bega, akasema havina haja tena. Amekula kipande kidogo, bila kidonge, na hakuna aliyemkataza. Sasa amelala usingizi. Usitume vidonge tena. Njoo. Baba